Jengo la Kioo Lililogeuka Baraza

Neno baraza lina maana zaidi ya moja. Ni mahali pa kuketi mbele ya nyumba, ambapo jirani na mpita njia hukaribishwa kuzungumza. Pia ni chombo cha watu wanaoshauriana kuhusu mambo ya umma, kama vile Baraza la Mawaziri. Lugha yetu imeviweka chini ya jina moja mahali pa kuketi na tendo la kushauriana. Leo nataka tulipime neno hilo kwa jengo lililo mbali nasi: maabara na ofisi za Bell Labs katika mji wa Holmdel, jimbo la New Jersey, Marekani. Sijafika huko, nimelijua kwa picha na michoro, nami hulitumia darasani ninapofundisha uraia.

Jengo hilo lilisanifiwa na Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland. Lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Lilisimamishwa mbali na msongamano wa jiji, katikati ya nyasi na mabwawa. Kuta zake za nje ni za kioo kinachoakisi, hata anayelitazama kutoka nje huona mawingu na miti badala ya watu waliomo ndani. Mnara wake wa maji una miguu mitatu na umbo la transista, kifaa kilichobuniwa na wanasayansi wa Bell Labs mwaka 1947.

Nilipouchora mpango wake ubaoni, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, dirisha la mkubwa liko wapi?" Halikuwapo. Saarinen aliziweka ofisi na maabara sehemu ya ndani, bila madirisha ya nje, na njia za kupitia akazipitisha pembezoni, kando ya kioo. Kwa hiyo mandhari ya nje haikuwa mali ya cheo chochote. Kila aliyetoka kwenda kwa mwenzake aliyaona mabwawa yale yale.

Lakini usawa huo uliishia mlangoni. Ndani, watu kama Steven Chu walichunguza jinsi ya kupoza atomu kwa mwanga wa leza, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobeli mwaka 1997. Mwananchi wa kawaida aliyekuwa nje hakuona ila mawingu katika kioo.

Mwaka 2006 wenye jengo waliamua kuliuza, na mnunuzi aliyejitokeza alikusudia kubomoa sehemu yake kubwa. Wanasayansi na watetezi wa majengo ya kihistoria walipinga. Mauzo hayo hayakukamilika, jengo likabaki tupu. Mwaka 2008 wasanifu na wakazi waliketi pamoja kutafakari matumizi mapya, na baadaye mamlaka ya mji ilibadilisha masharti ya matumizi ya eneo hilo. Kampuni ya Somerset Development ililinunua mwaka 2013. Sasa linaitwa Bell Works. Ukumbi wake mrefu, ulioezekwa kwa kioo, una maduka, migahawa na ofisi za kampuni nyingi, na tangu 2017 maktaba ya umma imo humo. Mtoto asiye na fedha ya kununua kitu ana haki ya kuingia kusoma.

Usidhani, mwanafunzi wangu, kwamba jengo limekuwa la wananchi. Hati ya umiliki ingali ya mwekezaji. Walichopata wananchi ni sauti katika uamuzi na mlango ulio wazi, nao hawakupewa kwa hisani: walihudhuria vikao vya kuchosha kuhusu ramani, kodi na masharti ya ujenzi. Hapo ndipo uraia ulipofanyika, kabla ya mgahawa wa kwanza kufunguliwa.

Basi utakapoingia katika ofisi yoyote ya umma, itazame kama unavyosoma sentensi. Nani amepewa dirisha? Nani amesimama juani akingoja kuitwa? Je, limejengwa benchi la mwenye shida? Kisha uulize siku ya kikao ambapo mambo hayo huamuliwa, nawe uhudhurie. Baraza lisilo na watu ni sakafu tu.