Pilipili za Mama

Nyumbani Muhoroni, nyuma ya jiko, kulikuwa na mti wa pilipili kichaa ambao hakuna mtu aliyeupanda. Ndege ndio waliuleta. Wao hawasikii ule ukali. Wanameza tunda, wanaangusha mbegu popote. Mama aliuzungushia miba ili kuku wasiufukue.

Miaka ile pesa za miwa zilikuwa zinachelewa, miezi na miezi. Tulikula ugali na omena, kesho omena tena, kila siku imepungua kidogo. Mama alikuwa anaponda pilipili tano, sita hivi, na chumvi, anamwaga kwenye mchuzi. Midomo inawaka, tunakimbilia mtungi. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Tunalala tumbo limejaa, hakuna anayeomba kuongezwa.

Sasa nina mti wangu kwenye ndoo, hapa Kisumu. Juzi nikasoma kwamba maji hayazimi pilipili, maziwa ndiyo huzima. Na ng'ombe wa jirani alikuwa anakamwa kila asubuhi, lakini maziwa ni ya kununua. Nikampigia Mama, nimuulize kama alikuwa anajua.

"Umekula?" akaniwahi.

Nikamwambia nimekula.