Kaka yangu, rilei na kisiwa cha stima

Najua nimepotea, lakini kuna jambo la stima limeninyima usingizi.

Kaka yangu hupanda nguzo za stima kwa kazi. Majuzi alipewa laini iliyozimwa. Alipoipima kwanza, kumbe bado ina stima! Sola ya boma moja ilikuwa inailisha kutoka upande wa pili. Ikipita kwenye transfoma kinyumenyume, volti 240 zinakuwa 11,000. Kipande cha laini kinachojilisha hivyo huitwa kisiwa, na rilei ndiyo inayotakiwa kukigundua na kuitenga sola. Kanuni za IEEE 1547 zinaipa sekunde 2.

Mimi nikadhani hii ni mistari michache tu ya kodi. Pima frikwensi (kwetu ni Hezi 50), ikibadilika haraka kupita kiasi, kata. Nikaweka Hezi 0.125 kwa sekunde, kipimo kilichotumika Uingereza kwa miaka mingi, nikaunganisha laptopu kwenye soketi kupitia transfoma ndogo. Jamani! Ilikata mara nne kabla ya chakula cha mchana, na stima haikupotea hata mara moja. Mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Badiliko nililotafuta linaufikisha 20.05 baada ya sekunde nzima. Kelele kidogo kwenye waya inatosha kuidanganya programu.

Nilicheka hadi nikasoma ya Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019. Radi ilipiga laini, kituo cha gesi cha Little Barford na mitambo ya upepo ya Hornsea vikapoteza uzalishaji, frikwensi ikaporomoka. Rilei za mitambo midogo zikadhani ni kisiwa, zikajitenga. Takriban megawati 350 zikaondoka wakati gridi ilipozihitaji zaidi. Frikwensi ikafika 48.8, na wateja zaidi ya milioni 1 wakakosa stima. Huko sasa kipimo ni Hezi 1 kwa sekunde.

Basi weka 1, si ndiyo? Ngoja. Sola ikizalisha sawasawa na kinachotumika kisiwani, frikwensi haisogei, na rilei haioni kitu. Ndiyo maana naegemea 1 pamoja na inveta inayoisukuma frikwensi kidogo makusudi: gridi ikiwepo haitikisiki, isipokuwepo frikwensi inakimbia na rilei inakata.

Nilimweleza kaka haya yote kwa simu.

"Weka nambari unayotaka, mdogo wangu," akasema. "Mimi bado nitapima, halafu nifunge waya wa ardhini, ndipo niguse."