Kandili na Karatasi

Unguja ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya kuharibika njia ya umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari. Februari ikaingia, na mtihani wa Kidato cha Sita haukungoja taa.

Mtahiniwa wa siku zile alijiandaa kwa mikono kabla ya akili. Pampu zilikuwa zimesimama; maji yalitafutwa visimani, na binti aliyekuwa na karatasi ya asubuhi hakusamehewa ndoo yake (kaka yake, aghalabu, alisamehewa). Kisha kandili: utambi umepunguzwa ili mafuta yafike alfajiri, moshi unawasha macho, joto la kaskazi limetuama chumbani. Daftari lilisomwa kwa Kiingereza. Wasiwasi ulisemwa kwa Kiswahili.

Wako waliokesha hadi adhana. Walio werevu zaidi walizima kandili saa nne, kwani ubongo huyapanga na kuyafunga yaliyosomwa wakati mtu amelala; akeshaye huingia chumba cha mtihani na mzigo usiofungwa kamba. Lakini nani amwambie hayo mama anayezunguka na uradi mlangoni, naye ndiye aliyenunua mafuta?

Asubuhi ilikuwa fupi: sala, chai ya mkandaa na kipande cha muhogo, kalamu mbili, namba ya mtihani ikirudiwa kimoyomoyo njiani. Vidole bado vilinuka mafuta ya taa msimamizi aliposema, "Geuzeni."