Ndege wa Lupango Wetu

Tangu Septemba tunaweka beseni ya maji nyuma ya bweni, chini ya mwembe, na pembeni ukoko wa bukari. Maji yanaita ndege kupita chakula, hasa mvua ikikawia. Kabla ya sala ya asubuhi hua wanatangulia, kisha shomoro, saa nyingine chozi mmoja. Simu ya kupigia foto tunaifunga kwenye kiti, sisi tunakaa mbali, kimya.

Yule tunayemngojea hajafika. Ni mnana wa ziwa letu la Tshangalele, wataalamu wanamwita Ploceus ruweti. Mwaka 1960 alikamatwa mmoja tu, akapewa jina 1982, na foto yake haikupatikana mpaka 2009. Anasuka kiota juu ya maji ya ziwa, basi pengine beseni yetu si kitu kwake. Na ajabu, ziwa lenyewe lilitokana na bwawa la Mwadingusha, kazi ya watu!

Sasa kuna neno. Wadogo wetu wamejua saa ya ndege kunywa, wanakuja na manati. Wanasema: "Bayaya, nyama ni nyama, bukari na majani kila siku inachosha." Tunawaelewa, tunakula meza moja nao. Lakini kumwita mgeni kwa maji halafu kumpiga jiwe, hapana! Sisi viongozi wa wanafunzi tumeshika manati nne, na tukiingia darasani tunamwaga beseni. Nani wa mwaka wa tano atashika zamu tukienda kwenye mtihani wa Serikali?