Figo Ni ya Mama, Moyo Ni Wangu

Leo hakuna video. Nimejaribu kurekodi hii stori mara nne na kila nikifika katikati sauti inakataa, kwa hivyo wacha niandike tu.

Mwezi ujao nafunguliwa kifua. Vali moja ya moyo wangu inavuja vibaya, na daktari anasema tukizidi kungoja moyo wenyewe utachoka. Siku hizi kutoka soko la Ruiri hadi nyumbani napumzika mara tatu, na hiyo njia nilikuwa naikimbia nikiwa na mtungi wa maji.

Wengi mnajua ile stori ya figo. Nilikuwa mwaka wa pili chuo, nikaanza kuvimba miguu, kumbe figo zote mbili zimeisha. Dayalisisi mara mbili kwa wiki na masomo havikuenda pamoja, nikaacha chuo. Miaka miwili iliyopita mama akanipa figo yake moja. Kwa hivyo nilipodokeza hii maneno ya moyo, mtu wa kwanza akaniuliza, "Si wewe ulishapona?"

Tuongee ukweli hapo. Figo mpya inakupa maisha, lakini pia inakupa kazi ya kila siku. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku alamu inalia, nameza dawa za kutuliza kinga ya mwili isishambulie figo ya mama. Nikiruka dozi, naweza kuipoteza. Na kwa sababu kinga iko chini, homa ambayo wewe unaimaliza na chai ya tangawizi, mimi inaweza kunilaza wodini.

Sasa moyo. Hii shida ni ya kitambo. Nikiwa mdogo nilikuwa naumwa koo kila mara, na dawa yetu ilikuwa maji ya chumvi na ndimu. Kuna bakteria wa koo ambao wasipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kuchanganyikiwa ikashambulia viungo na vali za moyo. Darasa la tano magoti yangu yalivimba wiki nzima, tukasema ni kukua. Miaka mingi baadaye, nikipimwa kabla ya kupewa figo, daktari aliona vali inavuja kidogo, akasema tuichunge. Kidogo imekuwa kubwa.

Kinachonitisha si kisu. Wakati wa upasuaji moyo unasimamishwa, na mashine ndiyo inasukuma damu. Figo haipendi hiyo kitu hata kwa mtu mzima kabisa, na mimi niko na moja tu inayofanya kazi. Halafu dawa zangu zinachelewesha kidonda kupona, na mdudu akiingia kwenye vali mpya ni balaa. Hata meno nimeangaliwa kwanza, moja likang'olewa, kwa sababu bakteria wa mdomoni wanaweza kusafiri na damu hadi kwa moyo.

Daktari alinielezea kwamba kama vali haitashoneka, kuna mbili za kuchagua. Ya chuma inadumu sana, lakini utakunywa warfarini maisha yako yote damu isigande, na upimwe damu kila mara. Kwa msichana wa miaka 23 kuna lingine: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ya pili inatengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe. Haihitaji warfarini ya maisha, lakini kwa kijana inachakaa mapema, na siku moja utafunguliwa tena. Arnold Schwarzenegger, yule wa muvi, alipasuliwa kwa ajili ya vali 1997, akarudi 2018, akarudi tena 2020.

Mimi nilichagua chuma kwa dakika mbili. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kila upasuaji unahatarisha figo ya mama, basi nifanye mmoja tu, mambo ya watoto nisahau. Sikumwambia mtu.

Mama akajua tu. Tulikuwa tunachambua maharagwe nje, akaniuliza ni nini nimechagua na kwa nini. Nikamwambia sitaki kuharibu kitu alichonipa. Akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo figo nilikupa, sikukukopesha. Usiishi kama mtu anayelipa deni."

Nililia hadi maharagwe yakaloa. Kwa sababu ni ukweli, nimekuwa nikiishi hivyo. Nikila chipsi najiona mwizi. Nikilala nimechoka najiambia figo ya mama inapoteza muda na mimi. Nadhani wengi waliosaidiwa sana na familia wanaijua hiyo hisia, hata kama ni karo tu ulilipiwa ukaacha chuo kama mimi.

Basi nikarudi kliniki na maswali yangu, si ya mama. Nataka nafasi ya kuwa mzazi siku moja, hata kama hizi dawa za figo zitabidi zipangwe upya kwanza. Nimechagua ya ng'ombe, nikijua nitarudi pale mezani. Mama, ambaye huuza maziwa, amecheka sana. Huo ni uamuzi wangu na mwili wangu, usiunakili; daktari wako ndiye anajua wako.

Kuna mkimbiaji Mmarekani wa viunzi, Aries Merritt. Beijing 2015, ile mwaka Yego alirusha mkuki mita 92.72, huyu jamaa alichukua shaba figo zikiwa zimeharibika. Siku chache baadaye akapandikizwa figo ya dada yake, na akarudi kukimbia. Mimi sitaki medali. Nataka kupanda kutoka sokoni bila kusimama.

Naomba vitu viwili. Mdogo wako akiumwa koo na homa, mpeleke akapimwe, na akipewa antibayotiki amalize dozi. Na ukikutana na mtu aliyepandikizwa kiungo, usimuulize kama alishapona. Muulize leo anaendeleaje.

Nikitoka, video itakuja. Hadi wakati huo, alamu ya saa mbili imelia, wacha nikameze dawa.