Likizo ya Septemba Ufukweni Matema

Kwetu sisi neno likizo lilikuwa na maana moja tu: Desemba. Shule zimefungwa, baba watoto amepata ruhusa kazini, basi kila mtu mbioni. Mwaka juzi tulifanya kama wanavyofanya wengi wanaokaa Mbeya. Tulidunduliza fedha mwaka mzima, tukapanda basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, ili watoto wakaione bahari.

Bahari waliiona, lakini kwa shida. Siku ya pili ya Krismasi ufukwe ulijaa watu hata mchanga hauonekani, na spika za muziki zilikuwa zinashindana pande zote. Katika msongamano huo mtoto wetu wa mwisho, wa miaka mitano, alipotea. Tulimtafuta karibu saa nzima. Alipatikana amekaa chini ya meza ya muuza mihogo, analia bila sauti. Kila akina mama wasomao ukurasa huu wanajua saa kama hiyo ina urefu gani. Usiku ule tulikubaliana kwamba hatutaenda tena ufukweni wakati dunia nzima iko huko.

Ni mama mkwe aliyetukumbusha kwamba tuna maji makubwa karibu na mlango. Yeye alikulia upande wa Ipinda, wilayani Kyela, na alikuwa hajaliona Ziwa Nyasa kwa miaka mingi. Mtu akaaye Mbeya anaweza kunywa chai nyumbani na kula chakula cha mchana Matema. Nauli ya familia nzima haifikii hata nauli ya watu wawili wa kwenda Dar es Salaam.

Hapo tukataka kwenda Juni, shule zinapofungwa. Mama akakataa kabisa. "Mnataka kupeleka watoto kwenye mwera?" alisema. Tulicheka kidogo, lakini tulipouliza watu wa kule walisema maneno yale yale. Tangu Mei hadi Agosti upepo wa kusini hulipiga ziwa kwa urefu wake wote, na ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550. Mawimbi yote hayo huishia kwenye ncha ya kaskazini, yaani Kyela. Desemba nako mvua huwa zimekwisha anza, na kuanzia Machi hadi Mei hunyesha kama ndoo zimepinduliwa, kwa sababu ukingo huu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Ukiondoa miezi hiyo, unabaki na Septemba, Oktoba na Novemba: joto, ziwa limetulia, na wageni ni wachache. Watoto wana likizo fupi Septemba. Baba watoto akaomba siku saba.

Tunaeleza haya kwa kirefu kwa sababu wengi wetu huchagua nyumba ya kulala kwanza, mwezi baadaye. Tungewashauri mfanye kinyume chake. Chumba kizuri hakisaidii kitu kama mtoto hawezi kukanyaga maji.

Njia ni ya kufurahisha. Kutoka Uyole unapanda kwenye baridi, unapita migomba na mashamba ya chai ya Tukuyu, kisha unateremka, unateremka tena, na masweta yanavuliwa moja moja. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari; ziwani ni chini ya mita 500. Huko chini ni mpunga, michikichi, na mikakao iliyojificha chini ya vivuli. Kutoka Kikusya unapitia Ipinda hadi Matema, barabara ni ya lami. Pale Ipinda mama aliteremka akasalimia wanawake wa sokoni, "Mugonile!", na tukapoteza nusu saa nzuri.

Matema iko kwenye kona ambapo Milima ya Livingstone inaingia ziwani. Kwa kuwa milima iko mashariki, jua hukawia kufika ufukweni. Unaamka, kumekucha, lakini mchanga bado una kivuli na ubaridi, na wavuvi wanarudi na mitumbwi yao. Zipo nyumba za wageni za Kanisa la Kilutheri, zipo na za watu binafsi, na Hospitali ya Kilutheri ya Matema haiko mbali, jambo ambalo mama mwenye watoto huliuliza kabla ya kuuliza bei. Wakati ule tulikuwa familia moja tu, pamoja na mzee mmoja Mzungu na vitabu vyake. Kama unakwenda wakati kama huo, mwambie mpishi asubuhi mtakula nini jioni, maana hakuna anayepika akisubiri wageni wasiokuwapo. Tulikula wali wa Kyela kwa mbasa, na siku moja mama akaingia jikoni mwenyewe akapika mbalaga, ndizi na maharage, akitukemea kwamba tumewalea watoto kwa chipsi.

Alasiri moja watoto walipiga kelele kwamba meli inakuja, maana mbali ziwani paliinuka nguzo ya moshi. Haikuwa meli. Ni wadudu wadogo sana wa ziwani, ambao huruka kwa mamilioni wakawa kama wingu. Wenyeji wa kando ya ziwa hili huwakusanya na kuwafanya kitoweo. Wetu hawakutaka hata kuonja.

Sasa tuseme lile lililotupata. Siku ya tatu asubuhi ziwa lilikuwa kama kioo. Binti yetu wa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa juu ya mpira wa ndani wa gari, karibu kabisa na ukingo, nasi tumekaa mchangani tukizungumza, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, habari zisizohusu ada wala kodi. Asubuhi upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani; huusikii hata mgongoni. Mama ndiye aliyesimama ghafla. Mtoto alikuwa amekwisha kwenda mbali kiasi kwamba hakutusikia tukimwita, na upande ule wa milima kina huongezeka haraka. Baba watoto hajui kuogelea. Tulitazama kulia na kushoto: hakuna mtu. Ufukwe ule ule mtupu tulioutafuta kwa bidii!

Mvuvi mmoja aliyekuwa akirekebisha wavu nyuma ya miti alisikia mayowe, akasukuma mtumbwi wake majini. Binti alirudi hata nywele hazijalowa, akishangaa kwa nini bibi yake analia. "Ndaga fijo, ndaga fijo," mama alimwambia yule mvuvi, naye akasema tu kwamba tufunge mpira kwa kamba.

Kwenye umati tulimpoteza mtoto kwa sababu macho yalikuwa mengi mno. Huku hapakuwa na macho mengine ila yetu. Tangu siku ile tuligawana zamu: mtu mzima mmoja, kazi yake ni kutazama maji tu, hazungumzi wala hashoni. Na mpira tuliufunga kamba ya katani. Tuliuliza pia habari za mamba, tukaambiwa tukae mbali na mito inakoingia ziwani.

Jumamosi tulitembea kilomita mbili hivi kwenda Lyulilo, kwenye soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huvileta kwa mitumbwi, vimepangwa kwenye nyasi visigongane. Huvifinyanga kwa mikono, na vyungu hivyo husambaa Mbeya yote. Mama alivigonga kimoja kimoja kwa kidole akisikiliza mlio, kama vile daktari. Tulinunua vitatu. Kimoja kilipasuka Uyole, tukiwa karibu kufika, kwa sababu ya begi la mtu.

Kila usiku watoto walilala ndani ya chandarua, kwani malaria ya Kyela si ya mchezo. Kichocho nacho kipo ziwani, hasa penye majani na maji yaliyotuama, hivyo tuliogelea penye mchanga mtupu. Hata hivyo wiki ya nane baada ya kurudi tuliwapeleka wote kupima. Wawili walikuwa salama. Mdogo alikutwa nacho, akapewa vidonge siku hiyo hiyo, akapona. Mwaka huu baba watoto ameomba tena siku saba za Septemba, na kamba ya katani iko juu ya kabati.