Kifaru Kwenye Meza ya Chakula

Shosti, mumeo akigeuza meza ya chakula kuwa gereji, utafanyaje? Wangu alianza Januari. Alirudi kazini na boksi lenye picha ya kifaru cha vita, ndani vipande vya plastiki, vingine vidogo kama mbegu za pamba. Nikawaka. "Tunadaiwa kodi, wewe unanunua midoli?" Akacheka tu. "Si mdoli. Ni zawadi ya mzee."

Mzee ni baba mkwe wangu, mkulima wa pamba wa Sola, huko Simiyu. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Oktoba 1978, alikwenda vitani akiwa mgambo, kijana kabisa. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Kilichotokea katikati ya tarehe hizo hajawahi kumsimulia mtu, hata mwanawe. Mimi, bibi harusi mgeni, siku ya kwanza tu mezani nikauliza, "Baba, vita ilikuwaje?" Akanawa mikono, akaacha ugali, akaenda kuangalia ng'ombe. Mume wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Umeanzia mwisho."

Kifaru chenyewe ni Type 59 cha China, aina waliyokuwa nayo wanajeshi wetu vitani. Kimepunguzwa mara 35, kwa hiyo mwili wake una kama sentimita 17 tu. Nilianza kwa kununa, nikaishia kushika msasa.

Siku moja mwenzangu alichelewa kazini. Nikataka kumfurahisha, nikabandika magurudumu na minyororo yote. Kumbe nimeharibu! Rangi ilikuwa bado, na brashi haiingii nyuma ya minyororo. Alikaa siku tatu akibandua kwa wembe, taratibu, bila neno. Jamani, afadhali angefoka.

Ndipo akanifundisha mpangilio. Kwanza vipande vinaoshwa kwa maji ya sabuni, maana vina mafuta ya kiwandani na rangi haishiki. Vinakatwa, vinapigwa msasa, vinajaribishwa bila gundi. Kisha unaunga mwili. Kichwa chenye mzinga hakigundishwi, ili kizunguke. Magurudumu na minyororo vinapakwa rangi pembeni. Inakuja praima, halafu rangi yenyewe, vanishi ya kung'aa, stika, halafu vanishi ya kufifisha. Minyororo inafungwa baada ya rangi. Matope huwa ya mwisho kabisa.

Pasaka tukapanda basi Mwanza, tukapita Lamadi na Bariadi, kifaru kimefungwa kwenye kanga yangu. Nikapiga goti. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Tukakiweka mbele yake, hatukusema kitu.

Mzee akakigeuza. Akahesabu magurudumu ya upande mmoja. "Matano. Na huu mwanya, la kwanza na la pili, upo." Kimya. Halafu akasema, "Lakini hiki hakijaenda popote. Matope yako wapi?"

"Tumekuachia wewe, baba," mume wangu akajibu.

Akamtuma mjukuu udongo wa kichuguu. Akauchanganya na maji na gundi yetu, akaanza kupaka kwa kidole. "Chini tu. Juu ni vumbi." Mikono ikiwa kazini, mdomo nao ukafunguka. Mvua. Lori lililonasa, wakalisukuma usiku kucha. Rafiki yake aliyekuwa akisukuma upande wa pili, ambaye hakurudi. Basi, hakuongeza. Mimi nilikuwa na maswali kumi ulimini, nikayameza yote. Nilimtazama mume wangu, machozi yanamlenga, ana miaka 34 na ndiyo kwanza anamsikia baba yake.

Kifaru kimebaki Sola, juu ya redio. Kodi tulilipa, kwa kuchelewa. Na mezani kwetu kuna boksi jipya, la lori la jeshi. Mzee ndiye aliyeliagiza. Vipande vimeshaoshwa, vinakauka kwenye taulo langu, na gundi sijaigusa.